Mei Mbili za Mzee Hamo wa Burholt

Ndugu, majirani wa Burholt, na nyinyi mliokuja kwa miguu kutoka Thetford kwenye matope haya ya Novemba, tunawashukuru. Tumekuja kumsindikiza Mzee Hamo, mwana wa Bwana Ranulf, na familia imeomba yasomwe maneno machache kuhusu maisha yake. Tunasema machache kwa adabu tu. Marehemu hakuwahi kusimulia jambo lolote kwa ufupi, na tukianza kumfupisha leo kabla hata hajateremshwa kaburini, tutakuwa tumemkosea.

Mzee Hamo alizaliwa hapa hapa Burholt, tarehe 17 Mei, mwaka wa tano wa Mfalme Yohana. Alikuwa mtoto pekee wa Bwana Ranulf na Bibi Hawisa. Mkunga aliyempokea alikuwa mke wa mwezekaji wa nyasi, na kesho yake alibatizwa katika kanisa hili, na baada ya ubatizo watu wakala pai za mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, waliovuliwa kwenye mfereji. Sisi wajukuu tulipohadithiwa habari hiyo tukiwa wadogo, tuliamini kwamba yule mama alimpokea Babu salama na kesho yake akaliwa. Babu alichukua muda wake kutusahihisha.

Anayesikia tarehe hiyo kwa mara ya kwanza atasema haina upungufu: siku ipo, mwezi upo, mfalme yupo. Wenyeji wanajua kwamba hapo ndipo matatizo ya marehemu yalipoanzia. Mwaka wa mfalme unaanza siku aliyovikwa taji, na Mfalme Yohana alivikwa taji siku ya Kupaa Bwana. Makarani wake wakaamua kwamba kila sikukuu ya Kupaa, mwaka wake mpya unaanza. Lakini Kupaa inafuata Pasaka, na Pasaka inafuata mwezi wa angani, wala haikai mahali pamoja. Kwa hiyo mwaka mmoja wa Yohana ulikuwa mrefu na mwingine mfupi. Mwaka wa tano ulianza katikati ya Mei, ukaburuzika mpaka mwanzoni mwa Juni ya mwaka uliofuata, na ndani yake tarehe 17 Mei ilipita mara mbili. Mwaka wa saba haukuwa na 17 Mei hata moja.

Tulikuwa tukimtania Babu kwamba alizaliwa mara mbili, halafu akasahauliwa. Alitujibu kwamba mtu aliyezaliwa mara mbili ana haki ya kula mara mbili, na haki hiyo aliitumia mpaka uzeeni.

Baba yake, Bwana Ranulf, alifariki kwa homa wakati marehemu akiwa na umri wa miaka tisa, au minane, kutegemea unaifuata Mei ipi. Kama ilivyo desturi, ardhi ya Burholt ikaingia mikononi mwa bwana mkubwa aliyewapa, yaani Bwana Warin, aishike mpaka mrithi atimize miaka ishirini na mmoja. Pamoja na ardhi alishika pia mkono wa mrithi: yeye ndiye angemchagulia mke. Bwana Warin hakuwa mtu mbaya. Alimlisha Hamo, alimvisha, akampa farasi asiyeuma sana. Ila alikata miti ya Burholt kana kwamba haina mwenyewe, na aliuza sufu ya kondoo wa Burholt kwa tabasamu ambalo Bibi Hawisa hakulipenda.

Elimu marehemu aliipata kwa Padre Gocelin, kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa. Alijifunza kusoma zaburi, kuandika jina lake, na kuimba kwa sauti ambayo Padre alimwomba aitunze kwa ajili ya kuitia ng'ombe. Hesabu ya miaka ya wafalme ilimshinda. Padre alimfundisha tena na tena: mwaka wa Mfalme Richard ulianza Septemba, wa Yohana ulianza Kupaa, wa Mfalme Henri aliyefuata unaanza Oktoba, na mfalme akifa leo mwaka wake unakufa naye, haumngojei mtu amalize kuvuna. Hamo akauliza, basi siku zile ambazo mmoja amekufa na mwingine hajavikwa taji, ni za nani? Padre Gocelin alifikiri kidogo, kisha akamtuma kuchota maji. Marehemu alisema hilo ndilo jibu la kitaalamu kuliko yote aliyowahi kupewa.

Ujana wake wote aliutumia kujifunza kazi za ardhi ambayo ilikuwa yake na haikuwa yake. Alichunga kondoo pamoja na wachungaji, alizibua mifereji pamoja na vibarua, na siku za soko alikwenda Thetford na sufu ya watu wengine. Huko ndiko alikomwona Idonea, binti wa Segar mwosha nguo za sufu, amesimama kwenye maji hadi magotini akikanyaga kitambaa na kumgombeza mtu. Mtu aliyekuwa akigombezwa alikuwa Hamo mwenyewe, kwa sababu farasi wake alikuwa anakunywa maji upande wa juu wa mto na kuyachafua. Aliporudi nyumbani alimwambia mama yake kwamba amempata mke. Bibi Hawisa akamuuliza msichana amesemaje. Akasema, amesema niondoe farasi.

Walichukua miaka miwili kuelewana, na walipoelewana maji yalikuwa yamewafika shingoni. Segar alikuwa amechoka kungoja. Mfanyabiashara mmoja wa sufu wa Norwich, mjane mwenye nyumba ya ghorofa, alimposa Idonea, na Segar akatoa neno lake: siku ya Yohana Mbatizaji, tarehe 24 Juni, binti ataolewa Norwich, isipokuwa kama kijana wa Burholt atakuwa amekuja kabla ya hapo akiwa mtu huru. Upande wa pili, Bwana Warin alikuwa na mpwa wake wa kike ambaye alitaka aolewe na Hamo, na hati ilikuwa karibu kuandikwa.

Sasa kila kitu kilisimama juu ya Mei. Kama marehemu alizaliwa Mei ya kwanza ya mwaka wa tano, alitimiza miaka ishirini na mmoja tarehe 17 Mei, mwaka wa nane wa Mfalme Henri, ambao kwa hesabu ya Kanisa ni mwaka wa Bwana 1224, na hakuna mtu wa kumchagulia mke. Kama alizaliwa Mei ya mwisho, alikuwa na mwaka mzima wa kukaa chini ya Bwana Warin, na kabla haujaisha Idonea angekuwa Norwich anapanda ngazi za mtu mwingine. Marehemu alikiri baadaye kwamba katika majuma yale hakula hata mara moja kwa siku.

Shauri la umri wake lilisikilizwa Jumatatu tarehe 27 Mei katika ukumbi wa mahakama ya wilaya. Wanaume kumi na wawili wa hapa waliapa kwa kitabu kitakatifu, na desturi ilitaka kila mmoja aeleze amejuaje. Simon mchungaji alisema anakumbuka kwa sababu siku ile kondoo wake alizaa pacha. Adam alisema siku ile aliangukiwa na mlango wa ghala, akapandisha suruali aonyeshe mguu. Wa tatu alisema anakumbuka kwa sababu mke wake alimfukuza nyumbani. Hakimu alimuuliza kama jambo hilo lilitokea mara moja tu, naye akiwa chini ya kiapo akasema hapana.

Wote walitaja tarehe kumi na saba, mwaka wa tano wa Mfalme Yohana, bila kigugumizi. Lakini Bwana Warin alikuja na karani wake, Peverel, kijana mwembamba mwenye maneno ya kutosha watu watatu, naye alikuwa na swali moja kwa kila shahidi: Mei ya kwanza au Mei ya mwisho? Hapo kila ulimi uliingia mfukoni. Mmoja akasema ilikuwa Jumamosi, mwingine akaapa ni Jumatatu. Adam akasema yeye aliangukiwa na mlango, si kalenda. Mashahidi wanane walipita hivyo. Bwana Warin akaanza kuvaa glavu zake.

Wa tisa alikuwa Osbern, mwezekaji wa nyasi kama baba yake, mwana wa yule mkunga aliyempokea marehemu. Wakati wa shauri lile Osbern alikuwa mtu mzima wa kuheshimiwa, ana mke, ana watoto, na amechaguliwa kushika ufunguo wa kanisa. Akaeleza kwa upole kwamba anakumbuka kuzaliwa kwa Hamo kwa sababu mama yake alirudi nyumbani na ngozi ya kondoo aliyopewa kama zawadi. Peverel akamuuliza, Mei ipi? Osbern akatazama dari, kwa jicho la fundi, kana kwamba nyasi za paa lile zingemjibu.

Mwisho wa ukumbi walikuwa wamekaa Bibi Hawisa na Idonea. Wanawake hawakuapishwa kwenye mashauri kama yale. Bibi Hawisa alikwisha kulalamika asubuhi, akisema aliyezaa haulizwi na waliokula ndio wanaoulizwa, na akaambiwa ndivyo sheria ilivyo. Sasa akasimama.

"Osbern mwanangu," akasema, "waambie kwa nini ulikula pai umesimama."

Osbern aligeuka mwekundu mpaka masikioni. "Mama Hamo, tafadhali. Mimi nina watoto."

"Na mimi nina mmoja tu. Sema."

Hakimu akamwamuru Bibi Hawisa akae na anyamaze, naye akakaa. Kisha akamgeukia Osbern na kumuuliza ni pai gani inayozungumzwa.

"Pai ya ubatizo, Mheshimiwa. Wenzangu walikaa kwenye benchi. Mimi nilisimama."

"Kwa nini?"

"Palikuwa panauma, Mheshimiwa. Pa kukalia. Nilikuwa nimechapwa kwenye jiwe."

Watu wa Burholt hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Kila mwaka, katika siku tatu kabla ya Kupaa, kijiji kizima kilikuwa kikizunguka mipaka yake kwa msalaba na kengele, Padre akibariki mashamba. Wakifika kwenye jiwe ambapo Burholt inaishia, alichaguliwa mtoto mmoja wa kiume akachapwa kwa fimbo ya mti wa mtoni, bila kosa lolote, ili mahali pale asipasahau mpaka uzee wake. Ilikuwa heshima, ingawa hakuna mtoto aliyewahi kuiomba. Na mtoto mmoja hakuchapwa mara mbili.

Osbern alipokwisha kufungua mdomo hakuufunga tena. Alisema aliyeshika fimbo mwaka ule alikuwa Bwana Ranulf mwenyewe. Mke wake alikuwa karibu kujifungua, mimba ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, na mtu alikuwa amejaa furaha na wasiwasi kiasi kwamba hakujua uzito wa mkono wake. Alimchapa Jumatano. Alhamisi ikawa Kupaa. Jumapili Osbern akaja kwenye ubatizo wa mtoto, bado anaungua.

"Bwana Ranulf akaniona nimesimama pembeni," Osbern alisema. "Akaniletea pai kwa mkono wake mwenyewe, ile kubwa. Akaniambia, 'Nisamehe, Osbern. Ila nakwambia, jiwe lile hutalisahau.' Na kweli, Mheshimiwa. Sijalisahau."

Ukumbi ulikuwa unacheka, lakini hakimu hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Katika Mei ya kwanza ya mwaka wa tano, mzunguko wa mipaka ulipita siku chache kabla ya tarehe kumi na saba. Katika Mei ya mwisho, Kupaa ilichelewa ikaangukia Juni, na watu walizunguka mipaka majuma mawili baada ya tarehe hiyo. Akasema kwamba mtu hawezi kuumwa na fimbo ambayo bado haijakatwa mtini. Peverel akajaribu kudai kwamba huenda shahidi aliumwa kwa sababu nyingine. Hakimu akamuuliza kama angependa shahidi aonyeshwe na kukaguliwa, na Peverel akasema hapana.

Hivyo ndivyo ilivyotangazwa kwamba Hamo mwana wa Ranulf alizaliwa Mei ya kwanza, na kwamba alikuwa mtu mzima tangu siku kumi zilizopita. Watu walipokuwa wanampongeza, Bibi Hawisa alibaki kwenye kiti chake analia. Alimwambia Idonea kwamba ni miaka kumi na miwili tangu azike mume wake, na leo ndiyo siku mume huyo amekuja kumtolea mwanawe ushahidi. Idonea alilia naye. Walipendana tangu siku hiyo, na marehemu alisema kuanzia hapo hakuwahi kushinda ubishi wowote nyumbani kwake.

Ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, na marehemu akamwoa Idonea mlangoni mwa kanisa hili, Jumapili tarehe 23 Juni, mkesha wa Yohana Mbatizaji. Kesho yake ilikuwa ndiyo siku ya Norwich. Mfanyabiashara wa sufu alikuwa muungwana, akaleta kitambaa cha bluu kama zawadi, na Segar hakuacha kukigusagusa. Burholt kulikuwa na kiti kimoja tu chenye mto, na siku hiyo alikalishwa Osbern.

Bwana Warin alirudisha ardhi, isiyo na miti. Marehemu alianza kuipanda upya mwaka huo huo, na mialoni mnayoiona nyuma ya ghala ni yake. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa maji. Watu wa nchi kavu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa mabwawani tunajua kwamba usipoziba ufa huna pa kujengea. Kwa zaidi ya miaka arobaini marehemu alilinda tuta linalozuia maji yasiingie mashambani, na katika mafuriko makubwa ya majira ya baridi, vijiji vya jirani vilipolala juu ya mapaa, Burholt ililala vitandani. Hakuwa malaika. Alisinzia katikati ya mahubiri, aligombana na jirani yake Wymond kwa miaka minane kwa sababu ya mabata bukini wawili, na akishika neno lake ulikuwa huwezi kumbandua. Mabata walikufa mapema katika ugomvi, lakini wenye mabata waliendelea.

Aliitwa mara nyingi kutoa ushahidi wa umri wa watoto wa watu wengine, kwa kuwa sifa ya shauri lake ilienea. Hakukubali kuapa tarehe kavu kavu. Alitaka kwanza kujua watu walikuwa wanakula nini, nani alikuwa anamnunia nani, na ng'ombe walikuwa upande gani wa mto. Alisema wafalme wanahesabu miaka kwa mataji kwa sababu hawana kazi za shambani.

Na ilipofika zamu yake ya kushika fimbo kwenye jiwe la mpaka, alibadilisha desturi. Alimgusa mtoto kwa fimbo mara moja, kwa heshima ya wazee, kisha akampa pai nzima ya mikunga ale pale pale juu ya jiwe. Wazee walinung'unika kwamba mtoto atasahau. Mtoto wa kwanza alikuwa mwana wa Wymond wa mabata, na ugomvi ukaishia hapo. Wengi wenu mliokaa hapa leo mlilishwa kwenye jiwe lile, na hakuna hata mmoja asiyejua mpaka wa Burholt ulipo. Osbern, aliyetutangulia miaka kumi iliyopita, alikuwa akija kila mwaka kutazama, na kila mwaka alisema amezaliwa mapema mno.

Afya ya marehemu ilikuwa njema, ukiondoa homa ya mabwawa iliyokuwa ikimrudia kila kiangazi na ambayo aliizoea. Mwaka huu, baada ya sikukuu ya Mikaeli, ilisemekana tuta linavuja upande wa mashariki. Wanawe walimwambia abaki nyumbani. Alikubali, kisha akapita mlango wa nyuma. Walimkuta kwenye maji ya kiunoni, ana miaka sitini na tisa, anaziba tundu kwa fungu la matete na kuwafundisha vibarua. Tundu liliziba. Homa ikamshika wiki ile, ikawa inakuja siku moja na kupumzika siku moja, na kila ilipopumzika yeye alidai amepona. Bibi Idonea alimuuguza mwenyewe, na yeyote aliyejaribu kumpokea zamu alitumwa kuleta kuni.

Ijumaa tarehe 18 Novemba, saa za mchana, aliomba pombe ya shayiri. Alionja, akasema imechachuka, akainywa yote. Kisha akamshika mkewe mkono na kumwambia asimruhusu mwana wao Ranulf kukata mialoni. Akafumba macho, na tulidhani amesinzia kama kanisani. Alikuwa ameondoka.

Marehemu ameacha wana wawili, Ranulf, anayerithi Burholt na ameapa juu ya mialoni, na Baldwin, aliye Norwich, binti mmoja, Muriel, wakwe watatu, wajukuu kumi na mmoja, akiwemo Gilbert anayesoma maneno haya, na vitukuu wanne, ambao wawili wako nje ya kanisa sasa hivi kwa sababu ya kelele. Watoto wengine wawili, Hawisa mdogo na Simon, walimtangulia wakiwa wachanga, na leo analazwa kati yao.

Na ameacha mjane, Bibi Idonea.

Jana Padre Alan alikuja nyumbani na kalamu, ili aandike siku ya kifo kwenye kitabu cha kanisa, marehemu awe anaombewa kila mwaka. Siku aliiandika, mwezi akauandika, halafu akakwama. Kama mlivyosikia, habari ilifika Jumapili kwamba Mfalme Henri alifariki London Jumatano iliyopita. Mwaka wake wa hamsini na saba ulikuwa mchanga kabisa, na umekufa naye. Mwanawe Edward yuko ng'ambo, anarudi kutoka vita vya Nchi Takatifu, na taji linamngoja hapa peke yake. Kuna mchuuzi anayesema mabwana wakubwa walimwapia Edward juzi hata bila taji, na kwamba huenda mwaka wake ukahesabiwa kuanzia kiapo hicho. Hata kama ni kweli, Ijumaa haimo. Ilikuwa siku isiyo na mfalme.

Padre Alan alieleza yote haya kwa huruma. Alisema hawezi kuandika mwaka wa mfalme aliyekwisha kufa, na aliye hai bado hana mwaka. Sote tuliokuwa pale tulitazamana, na Ranulf akaanza kucheka huku anafuta machozi, kwa sababu alijua baba yake angelifurahia jambo hili kwa majuma. Padre akasema basi ataandika mwaka wa Bwana, 1272, na inatosha.

"Mwaka wa Bwana andika, Padre, ni wetu wote," Bibi akasema. "Lakini mume wangu alikuwa na wake. Andika mwaka wa arobaini na tisa wa Idonea."

Padre alitabasamu. "Mama, mwaka unahesabiwa kwa aliyevikwa taji."

"Nilivikwa. Mlangoni mwa kanisa lako, taji la maua ya shambani, mkesha wa Yohana Mbatizaji. Alilisuka mwenyewe, vibaya, likaniangukia machoni. Tangu siku hiyo hakuna siku yake hata moja iliyokosa mwenyewe." Akalaza mkono juu ya blanketi alilofunikwa marehemu. "Na mwaka huu haujaisha, Padre. Mimi bado nipo."

Padre Alan alichovya kalamu, akaandika kama alivyoambiwa. Ndivyo itakavyosomwa katika kanisa hili kila tarehe 18 Novemba, wafalme waje na wafalme waende.

Mungu amlaze Mzee Hamo mahali pema, na amjalie Idonea miaka mingine ya kuhesabu.